HUKUMU YA MTU ALIYEPOTEA (MAFQUD)



Katika mitaa yetu wako wanawake wasiojua kama ni wajane ama ni wake za watu. Bwana alikimbia vita, ama alienda machimboni, habari ikakatika. Tujifunze hukumu yake, kwani kwa ujinga haki za watoto zinaliwa.

1. SHERIA YA SERIKALI. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatenganisha watu wawili. Wa kwanza ameacha makao yake, haleti habari, wala hakuacha wakili. Wa pili ametoweka katika hatari ya mauti na mwili haukuonekana, kama wale ambao hawakuopolewa mashua ilipozama ziwani Kivu, karibu na Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024. Kifo cha wa kwanza ni shaka. Cha wa pili kinakaribia yakini, na tribinali inaweza kutamka kwamba amekufa. Hukumu hiyo inashika nafasi ya cheti cha kifo.

2. MALI. Mirathi ni ya maiti. Maadamu kifo hakijathibitika, mali ni yake mwenyewe. Basi shemeji anayeuza kiwanja na kumfukuza mke, anakula mali ya mtu aliye hai kwa hukumu. Tribinali ndiyo inayoweka msimamizi.

3. NDOA. Sayyidna Umar (r.a.) alihukumu mke angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi. Imamu Malik alishika hukumu hiyo. Imamu Shafi, katika kauli yake ya mwisho, anataka yakini. Kwa hiyo usijiamulie nyumbani, muulize mwanachuoni. Tena kumbuka: ndoa iliyoandikwa kwenye eta-sivili haifunguliwi na fatwa peke yake.

4. UFANYE NINI? Andika tarehe ya habari ya mwisho, na majina ya walioona. Peleka habari polisi, na kwa Msalaba Mwekundu, wanaotafuta jamaa waliotenganishwa na vita. Kisha nenda tribinali pamoja na cheti cha ndoa na vya watoto.

Ndugu, dada huyo usimwite mjane, usimwite mwenye bwana aliyeachwa. Msindikize tribinali, uwe shahidi wake.

Mwenyezi Mungu awarudishe waliopotea, awarehemu waliokufa. Amin.