Kinda Chini ya Mgomba: Umwokote au Umwache?

Masika yakishika Kashozi, huku Kagera, na upepo wa ziwa ukaanza kupasua majani ya migomba, watoto huingia nyumbani wameficha kinda wa ndege viganjani. Kinachofuata kila mzazi anakijua. Boksi linatafutwa, maziwa yanamiminwa kwenye kifuniko, mkate unalowekwa, na asubuhi kinda amekufa. Watoto huambiwa amekufa kwa kukosa mama. Mara nyingi mama alikuwepo, juu ya mti wa kahawa, mdomoni ana kiwavi, akingoja watu waondoke.

Kwa hiyo, kabla hujainama kumwokota, simama umtazame.

Ana manyoya au hana?

Kinda aliyeota manyoya, mwenye mkia mfupi, anayerukaruka na kushika kijiti kwa vidole vyake, hajapotea. Ametoka kiotani kwa wakati wake. Mfano ni shore, yule mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, anayetuamsha alfajiri. Makinda wake huacha kiota wakiwa na umri wa wiki mbili hivi, kabla mabawa hayajawa na nguvu. Siku chache zinazofuata huzipitia chini au kwenye matawi ya chini, na wazazi wote wawili wanaendelea kuwalisha. Huyo mwache. Kama yuko njiani au mbwa yuko karibu, msogeze hatua chache tu hadi kwenye kichaka, umfungie mbwa, uwaite watoto ndani.

Aliye uchi, macho yamefumba, hawezi hata kusimama, huyo ameanguka kweli na anahitaji kurudishwa. Inua macho, kiota hakiko mbali. Mrudishe kwa mkono wako bila wasiwasi. Ile habari kwamba mama atanusa harufu ya mtu na kumkataa mwanawe imeua makinda wengi kuliko paka, kwa maoni yetu. Ndege wengi hawamtambui kinda kwa pua. Humtambua kwa sauti yake na kwa mahali alipo, ndiyo maana kumpeleka mbali ni kosa kubwa kuliko kumgusa.

Kiota kikianguka chote

Hili huwapata sana mnana, ambao wengine huwaita kwera. Mnana huchana majani ya migomba kusukia viota vyake, na wakulima wengi hawampendi kwa sababu hiyo. Hatukulazimishi umpende. Lakini kiota chake kikidondoka na makinda ndani, kifunge tena kwa kamba ya mgomba kwenye tawi lilelile au la jirani, mlango ukielekea chini kama alivyousuka mwenyewe. Kikiwa kimesambaratika, chukua kikapu kidogo kinachopitisha maji, tandika nyasi kavu, ukitundike hapohapo. Kisha ondoka, uangalie kutoka dirishani kwa saa moja au mbili. Mzazi hatakuja ukiwa umesimama chini ya mti.

Usishangae ukikuta kiotani kinda mmoja tu. Kuna kekeo anayetaga katika viota vya mnana, na mwanawe huwatupa nje wenzake. Usijaribu kuamua kesi hiyo.

Makinda wa kwale kule rweya, yaani kwenye mbuga za nyasi, na wa korongo taji kwenye mabonde yenye maji, ni habari nyingine. Hawa hutembea mapema mno. Wa korongo huacha kiota ndani ya siku moja hivi baada ya kuanguliwa, ingawa hawezi kuruka hadi apate miezi miwili au mitatu. Akiona mtu hujilaza majanini, tuli kabisa, na mtu hudhani ametelekezwa. Tangu mwaka 2012 korongo taji amehesabiwa duniani kuwa ndege aliye hatarini kutoweka, na kuchukuliwa kwa mayai na makinda ni sababu mojawapo.

Bundi darini

Sauti ya kuzomea usiku kutoka darini, na vinyesi ukutani, imewafanya watu wachome moto viota au wamwite mganga. Ni makinda wa bundi wanadai chakula. Watakaa hapo takriban miezi miwili, na muda wote huo wazazi wao wanaleta panya, wale wale wanaokula maharage yako ghalani. Subiri waruke, ndipo uzibe tundu.

Akiwa ameumia

Aliyeng'atwa na paka, hata kwa tundu dogo, hafai kuachwa, kwani jeraha la meno ya paka huoza haraka. Mweke kwenye boksi lenye kitambaa, gizani, mbali na moshi wa jiko. Usimpe maziwa, tumbo la ndege haliyawezi. Usimdondoshee maji mdomoni, maana tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi na atapaliwa. Usimchanganye na kuku, kwa sababu ndege wa porini, njiwa hasa, huweza kuwaletea kideri. Mpelekee habari afisa mifugo wa kata au afisa wanyamapori wa halmashauri siku hiyohiyo.

Kumfuga si ruhusa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kukamata au kumiliki mnyamapori bila kibali, na ndege yumo. Ukiletewa kinda wa kasuku wa kijivu wa msitu wa Minziro akiuzwa, usinunue. Toa taarifa.

Popo si ndege

Mwisho ni onyo kwa wazazi wa Kagera. Kiumbe kilichoanguka kikiwa na ngozi badala ya mabawa ya manyoya, masikio na meno, ni mtoto wa popo. Yeye hashikwi kwa mkono mtupu hata kidogo. Mkoa wetu umepata mlipuko wa Marburg mara mbili, Bukoba mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025, na virusi vyake huishi katika popo wa matunda wanaokaa mapangoni. Mfunike kwa ndoo, zuia watoto, mwite afisa mifugo. Aliyekwisha kumshika anawe kwa maji na sabuni, na kama ameng'atwa au kukwaruzwa, aende zahanati siku hiyohiyo aeleze kilichotokea.