Sheria, Shule na Lugha Isiyoandikwa: Kumbukumbu za Kisiwa cha Pitcairn, 1790–1856

1.0 Utangulizi

Watafiti wa jamii ndogo za visiwani aghalabu huzichukua kumbukumbu za serikali ya mtaa na za shule kama ghala la tarehe na majina tu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kumbukumbu za namna hiyo ni ushahidi wa lugha pia, na kwamba ushahidi huo una upande: unadhihirisha lugha iliyoteuliwa kuandikwa na kuifunika ile iliyosemwa jikoni na shambani. Mfano tutakaoutumia ni Pitcairn, kisiwa cha volkano katika Pasifiki ya Kusini ambacho eneo lake halifiki kilomita za mraba 5.

Historia yake inajulikana. Mwezi Januari 1790 mabaharia tisa walioasi katika meli ya Bounty, wakiongozwa na Fletcher Christian, walihamia kisiwani humo pamoja na wanaume sita wa Kipolinesia na wanawake ambao wengi wao walitoka Tahiti. Mauaji yakafuata. Kufikia mwisho wa mwaka 1800, mwanamume mtu mzima aliyesalia alikuwa mmoja tu, John Adams, akiwa na wanawake na watoto. Kwa hiyo jamii yenyewe ilikuwa ya lugha mbili tangu chimbuko lake, na waliowalea watoto wengi wao walikuwa wasemaji wa Kitahiti. Jambo hili tulishike, kwa kuwa maandishi yanakaribia kutusahaulisha.

2.0 Daftari na mwandishi wake

Kumbukumbu kuu ni Daftari la Kisiwa cha Pitcairn, lililochapishwa na Sir Charles Lucas mwaka 1929. Ndani yake mna kuzaliwa, ndoa, vifo, meli zilizopita na matukio mengine kuanzia 1790 hadi 1854. Hata hivyo mwandishi wake wa kwanza, John Buffett, aliteremka kisiwani mwaka 1823. Maana yake ni kwamba miaka 33 ya mwanzo, ambayo ndiyo miaka ya damu na ya kuzaliwa kwa lugha mpya, iliandikwa baadaye kutokana na masimulizi. Mtafiti anayenukuu taarifa ya 1793 kama kwamba iliandikwa 1793 anajidanganya.

Buffett hakuwa karani tu; alikuwa pia mwalimu. George Hunn Nobbs, aliyefika 1828, naye alikuja kuwa mwalimu, mchungaji na mtunza daftari. Basi kalamu ya serikali na chaki ya shule zilikuwa katika mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa wa mgeni. Tena ulikuwa na ugomvi wake. Mwaka 1832 alifika Joshua Hill, aliyedai kutumwa na serikali ya Uingereza, dai ambalo halikuwa na msingi. Alitwaa madaraka, na mwaka 1834 Buffett, Nobbs na mwenzao John Evans wakalazimika kuondoka kwa muda. Hill alikuwa akijigamba kwamba ana udugu na Duke wa Bedford. Bahati yake mbaya, meli ya kivita iliyotia nanga mwaka 1837 ilikuwa chini ya Lord Edward Russell, mtoto wa Duke huyo huyo! Lakini kisa hiki kisituchekeshe mno. Hoja yake ni kwamba taarifa za miaka ya 1832 hadi 1837 zilitokana na watu waliokuwa wahusika wa mgogoro, na hapana budi zisomwe hivyo.

Majina nayo yanasema. Mauatua, mwenzi wa Fletcher Christian, anaitwa Isabella. Teraura anaitwa Susannah. Teehuteatuaonoa anaitwa Jenny. Huyu wa mwisho alifanikiwa kuondoka kisiwani mwaka 1817, na maelezo yake yakachapishwa katika gazeti la Sydney mwaka 1819. Ni ajabu kwamba ushuhuda mkubwa wa mwanamke wa kizazi cha kwanza tunaupata nje ya kisiwa, wala si katika kumbukumbu zake.

3.0 Sheria za mwaka 1838

Baada ya Hill kuondolewa, wenyeji walimwomba Kapteni Russell Elliott wa meli ya Fly awasaidie kuweka utaratibu wa kujitawala. Kanuni zilizokubaliwa mwezi Novemba 1838 zilimweka hakimu mkuu, mzaliwa wa kisiwa, achaguliwe kila mwaka siku ya Mwaka Mpya, naye asaidiwe na wajumbe wawili: mmoja wa kuchaguliwa na mmoja wa kuteuliwa naye. Wapiga kura walikuwa wazaliwa wote waliotimiza miaka 18, wanaume kwa wanawake, pamoja na wageni waliokaa miaka mitano. Wanawake wa New Zealand walipata haki ya namna hiyo mwaka 1893, yaani miaka 55 baadaye.

Wanahistoria wa siasa wamekishangilia sana kifungu hicho. Sisi tunaona kwamba vifungu vidogo vina faida kubwa zaidi kwa mtafiti wa jamii. Sheria ilimtaka hakimu, baada ya kuchaguliwa, azungukie alama zote za mipaka ya mashamba na kurudishia zilizopotea. Ilimwamuru aliyeazima fuawe na nyundo kubwa ya umma azirudishe kwa mhunzi. Iliwalinda paka kwa faini nzito ya dola 50 kwa mkuu wa kaya aliyemuua mmoja, na nusu ya faini ilikwenda kwa mtoa habari. Hapa pana ardhi finyu, chombo kimoja cha chuma kwa watu wote, na ghala zinazoshambuliwa na panya. Hakuna msafiri aliyeieleza hali hiyo kwa usahihi kuliko sheria yenyewe.

Kifungu cha shule ndicho chenye utajiri zaidi. Wazazi wote walilazimika kuwapeleka shuleni watoto wa miaka 6 hadi 16, na mtoto awe amekwisha kujua kutaja alfabeti kabla ya kuingia. Masomo yalianza saa moja asubuhi hadi saa nne, isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Ada ilikuwa shilingi moja kwa mwezi kwa kila mtoto, ahudhurie asihudhurie. Mwalimu alitajwa kwa jina, naye ni Nobbs. Na pindi asipofundisha, msaidizi wake alipata sehemu ya mshahara kwa kadiri ya muda huo.

Kwa kuwa fedha ilikuwa adimu, sheria iliweka thamani ya vitu: pipa la viazi vikuu shilingi 8, la viazi vitamu 8, la viazi mviringo 12, mikungu mitatu mizuri ya ndizi shilingi 4, na kazi ya siku moja shilingi 2. Hesabu inaonyesha kwamba siku moja ya kibarua ililipa ada ya mtoto mmoja kwa miezi miwili. Lakini mzazi mwenye watoto watano wa umri wa shule alidaiwa siku mbili na nusu za kazi kila mwezi, sawa na siku 30 kwa mwaka. Hakimu mkuu ndiye aliyepaswa kuhakikisha kazi hiyo inafanywa vizuri, na mazao yapelekwe sokoni au nyumbani kwa mwalimu, kama atakavyoagiza mwenyewe. Shule, kwa maneno mengine, ilikuwa kodi kubwa ya kisiwa, na mwalimu alikuwa mpokeaji wake.

4.0 Lugha isiyoandikwa

Turudi kwenye sharti la alfabeti. Maadamu mtoto alitakiwa kuijua kabla ya kuanza shule, mzigo wa kumfundisha herufi za Kiingereza uliangukia nyumba ambayo haikusema Kiingereza hicho. Lugha iliyokuwa imekua humo ni ile iitwayo leo Pitkern, mchanganyiko wa lahaja za Kiingereza za mabaharia na Kitahiti, ambamo maneno ya Kitahiti yamejaa hasa katika majina ya mimea, samaki na mapishi. Sheria za 1838 na mafundisho ya shule vyote vilikuwa kwa Kiingereza cha kawaida. Wapiga kura wanawake walipewa sauti siku ya Mwaka Mpya, ila lugha waliyolelea watoto haikupewa nafasi katika kumbukumbu.

Msomaji wa pwani yetu ataona tofauti. Kwetu barua na hati za wenyeji ziliandikwa kwa Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kiarabu, na C. G. Büttner alikwisha kuchapisha mkusanyo wake mwaka 1892. Hata hivyo tusijipongeze haraka. Msemaji wa Kitumbatu au wa Kimakunduchi aliyeandikiwa barua kwa liwali hakuandikiwa kwa lahaja yake, bali kwa Kiswahili cha makatibu. Mtafiti wa kumbukumbu za Mafia ana kazi ngumu zaidi, kwani kisiwa hicho kilitawaliwa na Wajerumani tangu 1890, kikatekwa na Waingereza Januari 1915, kikawa chini ya Unguja hadi 1922, kisha kikaunganishwa na Tanganyika. Kila utawala ulikuwa na makarani wake na mazoea yake ya kuandika.

Teraura, wa mwisho kati ya waliofika na Bounty, alifariki mwaka 1850. Mwaka 1856 jamii nzima, watu wapatao 190, ilihamishiwa kisiwa cha Norfolk, ingawa baadhi yao walirejea Pitcairn mwaka 1859 na 1864. Lugha ilikwenda nao na ikarudi nao, kwa vile haikutegemea daftari. Ilingoja zaidi ya miaka mia moja ndipo kitabu cha Ross na Moverley kuhusu lugha hiyo kikatoka, mwaka 1964. Na data zake nyingi zilikusanywa na Moverley alipokuwa mwalimu kisiwani. Huko Norfolk, sheria ya kuitambua lugha hiyo kwa jina la Norf'k ilipitishwa mwaka 2004.