Mashine za Magurudumu Kwenye Miteremko: Pima Shamba Kabla ya Kulipa

Kijitabu cha elimu kwa wakulima na wenye mashamba ya Mbeya na Iringa

Kwa nini tunawaandikia

Malalamiko yamezidi, na mengi yanafanana. Mkulima wa parachichi wa Rungwe anasema pawatila aliyouziwa mjini ni mbovu, haishiki njia. Mama wa Kilolo anasema trekta lake dogo la kufyekea lililala ubavu siku ya kwanza tu lilipoingia shambani, na muuzaji hataki kulipokea. Mwenye nyumba ya wageni Mufindi ana mashine ya kukata nyasi ya kukalia, ya mtumba kutoka nje, nayo imeegeshwa bandani kwa sababu kijana wa bustani amekataa kuipanda. Maofisa wetu wakifika na kukagua, mara nyingi hawakuti hitilafu. Mashine ilitengenezwa kwa ardhi tambarare, ikapelekwa mlimani.

Tunajua wako wanaotushuku kwamba tunawatetea wafanyabiashara, au kwamba tunataka mkulima abaki na jembe la mkono. Sivyo. Tumehimiza mashine kwa miaka mingi na tutaendelea kuhimiza. Ila tunataka aliyetoka nyumbani asubuhi na mashine arudi jioni kwa miguu yake.

Asiye na muda wa kusoma kurasa zote ashike mambo mawili. La kwanza: pima mteremko wa shamba kabla ya kulipa hata shilingi moja. La pili: ukishuka mlima na pawatila, usibane klachi ya gurudumu, usibadili gia, usiweke nyutro. Tutayarudia haya, na msomaji asichoke nayo.

Sifa za Usangu zisikupeleke nazo Umalila

Pawatila zilienea kwa kasi baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009. Halmashauri zilihimizwa kununua, na vikundi vikakopeshwa. Kwenye majaruba ya mpunga ya Mbarali, katika bonde la Usangu, mashine ile ilipata mahali pake: ardhi imelala, tope ni laini, rotaveta inavuruga vizuri, na mavuno yakiiva inafungwa tela na kubeba magunia. Pawaga na Idodi kule Iringa hali ni hiyohiyo. Sifa hizo ni za kweli na sisi wenyewe tunazithibitisha.

Tatizo ni kwamba sifa hupanda mlima bila kupimwa. Mtu wa Ilembo au Santilya, kwenye viazi na pareto vya Umalila, anamtembelea shemeji yake Rujewa, anaona kazi inavyokwenda, anarudi amekwisha kuagiza. Mwingine wa Dabaga amepita Pawaga na kufanya vivyo hivyo. Hakuna aliyejiuliza: jaruba lile limeinama kiasi gani, na shamba langu je?

Tena parachichi zimebadilisha kazi yenyewe. Katika shamba la parachichi hulimi kati ya miti. Mizizi inayoulisha mti iko juujuu, na rotaveta huikatakata na kuufungulia njia ugonjwa wa kuoza mizizi. Kinachotakiwa pale ni kufyeka. Kwa hiyo anayenunua pawatila yenye rotaveta kwa ajili ya parachichi za mlimani amekosea mara mbili: zana si ya kazi ile, na mashine si ya ardhi ile.

Jinsi ya kupima

Huhitaji mtaalamu. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 1, pimamaji ya fundi mwashi na futi ya kupimia. Weka ncha moja ya ubao ardhini upande wa juu. Nyanyua ncha ya upande wa bondeni mpaka pimamaji ioneshe ubao umelala sawa. Sasa pima kutoka ncha uliyoinyanyua hadi ardhini. Ukipata sentimita 18, mteremko wako ni kama nyuzi 10. Ukipata sentimita 27, ni nyuzi 15. Ukipata 36, ni nyuzi 20, na hapo mazungumzo ya mashine ya kukalia yamekwisha.

Viwanda vingi vinavyotengeneza mashine za kukata nyasi za kukalia hutaja nyuzi 15 kuwa kikomo, vingine hutaja 10. Soma kitabu cha mashine. Kama hakipo, chukua 10. Namba hizo ni za nyasi kavu na ardhi ngumu. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na nyasi zake hukaa na maji hata wakati ambapo Iringa mjini kuna vumbi. Mahali kama hapo, nyuzi 10 za asubuhi yenye umande zina hatari kuliko nyuzi 15 za mchana wa Septemba.

Pima pale palipo pakali kuliko kote, si pale panapopendeza karibu na barabara. Pima pia njia ya kufikia shambani. Watu wengi hupima shamba na kuisahau njia, na njia ndiyo inayopitwa kila siku, tena na tela lililojaa.

Kushuka ndiko kunakoua

Sura hii tunaomba isomwe kwa sauti mbele ya kila anayeishika pawatila: kijana wa kazi, mtoto mkubwa wa nyumbani, jirani anayekuja kuazima.

Pawatila nyingi zinazouzwa huku hazina usukani. Zina vishikio viwili virefu, na chini ya kila kishikio kuna mkono mdogo wa klachi ya gurudumu la upande huo. Kwenye tambarare, ukibana mkono wa kushoto, gurudumu la kushoto linakatiwa nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, na mashine inakwenda kushoto. Dereva anazoea. Baada ya msimu mmoja mikono inafanya yenyewe bila kufikiri.

Kwenye mteremko mkali mambo hugeuka. Unaposhuka, injini haisukumi tena, inazuia. Ukibana klachi ya kushoto, unaliachilia gurudumu la kushoto lisizuiwe na chochote. Linakimbia. La kulia bado limeshikwa na injini. Mashine inageuka kulia, upande ambao hukuutaka, na kama bonde liko kulia, ndiko unakokwenda. Dereva akiona hivyo hubana zaidi, kwa sababu mikono yake imefundishwa hivyo Usangu, na kila anavyobana ndivyo mashine inavyozidi kukimbilia bondeni. Mashine yenyewe ina uzito wa kilo mia kadhaa hata kabla ya tela na magunia ya viazi. Hakuna mwenye nguvu za kuizuia kwa mikono.

Kwa hiyo: kabla ya mteremko kuanza, simama. Weka gia namba moja. Punguza mafuta. Hakikisha breki ya tela inashika. Kisha shuka polepole, na uelekeze mashine kwa kusukuma vishikio, si kwa klachi za magurudumu. Usibadili gia katikati. Usibane klachi kubwa, ile ya injini. Usiweke nyutro kwa ajili ya kuokoa dizeli. Dizeli ya mteremko mmoja hainunui hata kiberiti, na mashine iliyowekwa nyutro haina kitu cha kuizuia isipokuwa breki ambayo mara nyingi imechakaa. Madereva wa malori wanaoshuka Kitonga huingiza gia nzito wakiwa bado juu. Wanajua kwamba ukichelewa, gia haikubali kuingia. Pawatila nayo ndivyo ilivyo.

Kama njia ni kali kiasi kwamba huwezi kushuka bila kugusa klachi za magurudumu, njia hiyo si ya pawatila. Tafuta nyingine, hata kama ni ndefu.

Na watu wasipande kwenye tela. Si wa msibani, si wa mnadani, si watoto wa shule walioomba msaada. Tunarudia: watu wasipande.

Mashine ya kukalia isiyo na usukani

Zipo sasa, hasa kwenye nyumba za wageni, makanisa, shule na viwanja vya mashamba ya chai: mashine za kukata nyasi zinazogeuka papo hapo zilipo. Dereva anakalia, ameshika mikono miwili. Mmoja unaendesha gurudumu la nyuma la kushoto, mwingine la kulia. Kwenye uwanja uliolala, mashine hii ni nzuri kweli. Inazunguka mti bila kurudi nyuma, na kazi ya kutwa inakwisha kabla ya chakula cha mchana.

Lakini magurudumu yake ya mbele hayaongozi chochote. Yanajizungukia tu kama ya kitanda cha hospitali. Uongozi wote na uzuiaji wote uko kwenye yale mawili ya nyuma. Yakiteleza kwenye nyasi mbichi, umepoteza usukani na breki kwa wakati mmoja, na unaposhuka magurudumu hayo ya nyuma ndiyo yanayopungukiwa uzito. Kupanda nako kuna hatari yake, maana sehemu kubwa ya uzito iko nyuma na mashine inaweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva.

Ukiona mtumba wake, angalia nyuma ya kiti. Lazima kuwe na tao la chuma la kumkinga dereva mashine ikipinduka, pamoja na mkanda. Tao likiwa limesimama, funga mkanda. Tao likiwa limelazwa, usifunge, kwa sababu utabanwa chini yake. Tao likiwa limekatwa au halipo, usinunue kwa ajili ya mlima, hata kwa bei ya kutupwa. Uswidi ililazimisha kinga ya namna hiyo kwenye matrekta yote mapya mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Sisi hatuna sababu ya kujifunza somo hilo upya kwa miili ya vijana wetu.

Usalama na udongo vinapogombana

Maofisa kilimo wamewaambia miaka yote mlime kwa kukingama na mteremko ili maji yasibebe udongo. Mradi wa HIMA, uliofadhiliwa na Denmark, ulilifundisha hilo Iringa miaka ya 1990, na makinga maji yenye majani ya mifugo bado yanaonekana. Ushauri huo ni sahihi. Lakini mashine ya kukalia inayokwenda kwa kukingama na mteremko ndiyo inayopinduka kirahisi. Vitabu vyake vinataka ipande na kushuka moja kwa moja. Na ukilima kwa kupanda na kushuka, mvua ya Machi itaupeleka udongo wako mtoni.

Hakuna ujanja wa kupatanisha haya mawili kwenye mteremko mkali. Palipozidi nyuzi 15, usilime kwa mashine. Tumia maksai pale wanapomudu, au jembe, na uimarishe makinga maji. Shamba la parachichi libaki na nyasi zake, zikatwe tu.

Basi ninunue nini?

Chini ya nyuzi 10: mashine yoyote iliyokaguliwa, na dereva aliyefundishwa. Kati ya 10 na 15: trekta dogo lenye tao na mkanda, nyasi zikiwa kavu, na kwa mwendo wa taratibu. Zaidi ya hapo, kwa wakulima wengi wa Rungwe, Umalila na Kilolo, jibu ni mashine ya kufyekea ya begani. Haina fahari na inachosha mabega, lakini haiwezi kukupindukia. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya pawatila, na inaingia kati ya mti na mti. Vaa miwani ya kukinga macho na buti, na mtu yeyote asikaribie ndani ya mita 15, kwani jiwe linalorushwa na kisu chake linatoboa jicho. Fyeka ukiwa umesimama upande wa chini wa nyasi unazokata, uende kwa kukingama na mteremko.

Mikopo, risiti na sheria

Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu walio kwenye vikundi wanaweza kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mfuko wa Pembejeo wa Taifa nao hukopesha kwa zana. Masharti mengine yako kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Dai risiti ya EFD na hati ya dhamana. Muuzaji akikudanganya kuhusu uwezo wa mashine, Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Mwenye shamba aliyeajiri ana wajibu wa kumfundisha mfanyakazi na kumpa vifaa vya kinga, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kusema kijana alijua mwenyewe si utetezi.

Wale waliotuita tukapime nao kabla ya kununua tunawapongeza, na kazi hiyo tunajivunia. Wengine bado wanasubiri mpaka mashine iwe bondeni. Ndugu mkulima, ubao ukikuonesha zaidi ya sentimita 27 na muuzaji anakuapia kwamba mashine yake inapanda popote, usilipe. Rudi nyumbani na fedha yako, kisha umwone afisa kilimo wa kata.