Picha za Sufu za Mabaharia: Namna ya Kuzitambua na Kuzitunza

Wasomaji wengi wakisikia habari ya kutarizi hukumbuka foronya za mito, vitambaa vya meza, na kofia za viua zishonwazo katika miji ya pwani. Si wengi wajuao kwamba huko Uingereza, miaka mia moja na hamsini hivi iliyopita, mabaharia wa manowari, watu wenye mikono iliyokakamaa kwa kuvuta kamba, walikuwa wakikaa sitahani na sindano na nyuzi za sufu, wakitarizi picha za vyombo vyao. Picha hizo zingaliko hata leo. Nyingine zimo katika nyumba za makumbusho, nyingine katika nyumba za watu, na nyingine hupatikana katika maduka ya vitu vya kale na katika minada, ambako iliyo nzuri huuzwa kwa mamia ya paundi, na iliyo bora kabisa kwa maelfu. Fedha zikiwa nyingi kiasi hicho, wadanganyifu nao huja. Kwa hiyo katika somo la leo tutaeleza jinsi mtu awezavyo kuitazama picha ya namna hii akajua ni kitu gani alichokishika mkononi.

Kwanza yafaa tujue zilivyofanywa. Katika siku za matanga kila baharia alikuwa fundi wa sindano kwa lazima, maana alishona nguo zake mwenyewe na kutia viraka matanga yaliyopasuka. Safari zilichukua miezi mingi, na saa za kukaa bila kazi hazikuwa chache. Basi baharia alitwaa kipande cha turubai, au kitambaa kigumu cheupe cha kushonea suruali, akakiwamba juu ya mbao nne, akachora chombo chake, kisha akaijaza picha kwa mishono mirefu ya sufu ya rangi. Kamba za milingoti alizifanya kwa uzi mwembamba wa pamba au kitani. Wengine walitia pamba chini ya matanga ili yafure, kana kwamba yameshika upepo.

Ukizitazama picha hizi utaona jambo la kupendeza. Mawimbi yamepangwa kama matuta ya shamba, na nyumba za pwani ni ndogo kuliko bendera. Lakini kila kamba na kila foromali ipo mahali pake barabara, kwa kuwa baharia aliyekosea mahali pa kamba angalichekwa na wenzake wote. Kazi hizi zilianza kuonekana kwa wingi kadiri ya mwaka wa 1840, zikapungua mwishoni mwa karne ile, meli za moshi zilipokwisha kushika nafasi ya matanga. Watu wa Unguja waliwahi kuishi karibu na chombo cha namna ichorwayo katika picha hizo: manowari ya mbao iitwayo London, iliyoshushwa majini mwaka wa 1840, ilikuja kutia nanga bandarini mwao mwaka wa 1874 kwa ajili ya kuzuia biashara ya watumwa.

Sasa tuje kwenye dalili za umri. Anza na bendera. Mpaka mwaka wa 1864 manowari za Kiingereza ziligawanywa katika vikosi vitatu, chekundu, cheupe na cha buluu, na kila kikosi kilipeperusha bendera ya rangi yake. Mwaka huo mgawanyo ukafutwa. Bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu ikawa ya manowari peke yake, na nyekundu ikaachiwa meli za biashara. Basi ukiona manowari yenye mizinga inapeperusha bendera nyekundu nyuma, yaelekea picha ilishonwa kabla ya 1864. Twasema yaelekea, kwa sababu hapana jambo lililomzuia mzee wa bahari kutarizi katika uzee wake chombo cha ujana wake. Vivyo hivyo picha yenye bendera za Uingereza, Ufaransa na Uturuki zikiwa pamoja kwa kawaida hukumbusha vita vya Krimea vya 1853 mpaka 1856, ambamo mataifa hayo yalipigana upande mmoja.

Dalili ya pili ni rangi. Mwaka wa 1856 kijana wa London, William Henry Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, ile dawa ya malaria, kwa vitu vitokanavyo na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, bali alipata rangi ya zambarau isiyopata kuonekana. Muda si muda rangi nyingine kali za kiwandani zikafuata. Mtu akikuapia kwamba picha ni ya mwaka wa 1840, nawe waona ndani yake zambarau au wekundu unaowaka kama maua ya kihanga, mshukuru kwa maneno yake na uweke fedha yako mfukoni. Lakini zambarau iliyopoa ilipatikana tangu zamani kutokana na mimea, hivyo rangi peke yake isikate shauri.

Dalili iliyo kubwa kuliko zote iko nyuma ya picha, na hapo ndipo wanunuzi wengi wasipotazama. Mwombe mwenye duka akuruhusu kuigeuza, na kama fremu yaweza kufunguliwa bila kuharibu kitu, ifunguliwe. Sufu iliyokaa ukutani miaka mingi huchujuka upande wa mwanga, lakini upande wa nyuma hubaki na rangi yake ya kwanza. Kwa hiyo picha ya kale huwa mbele imefifia na nyuma inang'aa. Zikiwa pande mbili zina rangi sawasawa, ama picha ilifichwa gizani maisha yake yote, jambo litokealo kwa nadra, ama ni ya juzi. Tazama pia turubai. Uchafu wa miaka haukai sawa kila mahali. Huwa mwingi pembeni na penye misumari. Turubai iliyopata rangi moja ya kahawia kila mahali huenda ilichovywa katika chai. Na ukipata kipande cha uzi kilicholegea nyuma, omba ruhusa ukichome mbali na picha. Sufu hunuka nywele zilizoungua na huacha majivu yapondekayo. Uzi wa kiwandani wa siku hizi huyeyuka ukawa tone gumu.

Msomaji asichanganye picha za mabaharia na kazi nyingine ya sufu iliyoenea zama zizo hizo, iitwayo kazi ya Berlin. Hiyo ilifuata vielelezo vilivyochapishwa katika mji wa Berlin juu ya karatasi ya miraba, kila mraba mshono mmoja, na wanawake wengi wa Ulaya na Marekani waliishona majumbani: maua, kasuku, mbwa, na habari za Biblia. Vielelezo vilikuwa maelfu, na kazi zenyewe ni nyingi mno, ndiyo maana bei yake kwa kawaida ni ndogo. Si kazi mbaya. Kwa mtu anayeanza kukusanya, kwa maoni yetu, ni shule nzuri isiyo na karo kubwa.

Juu ya bei yafaa kumkumbuka Mary Linwood, mwanamke wa mji wa Leicester aliyeishi tangu 1755 mpaka 1845. Alitarizi kwa sufu nakala za picha za wachoraji mashuhuri, na kwa miaka mingi watu wa London walilipa kiingilio kuzitazama. Kwa picha moja alikataa gini 3,000, akamwachia Malkia Victoria katika wasia. Lakini alipofariki na kazi zake kupelekwa mnadani, picha moja iliyomchukua miaka 10 ilipata paundi 64 na shilingi 1, na zote pamoja hazikufika paundi 1,000. Mwaka wa 2014 jumba la Tate Britain mjini London lilitundika tena kazi zake katika maonyesho ya sanaa za watu wa kawaida. Anayenunua kwa kutumaini kuuza kwa faida kesho na azitafakari tarakimu hizo.

Tumalize na utunzaji. Usifue picha ya sufu. Mtu hununua picha yenye vumbi, akaitia katika maji ya sabuni kwa nia njema, na baada ya robo saa bahari yote imekuwa nyekundu, kwa sababu rangi za zamani hutoka. Tena sufu na turubai hazirudi kwa kipimo kimoja, hivyo picha hukunjamana. Vumbi liondolewe kwa burashi laini tu. Itundike mbali na jua, na kioo kisiiguse sufu. Adui mwingine ni nondo, ambaye viwavi wake hula sufu. Ukiona matundu mapya au unga chini ya fremu, itoe picha katika fremu, ifunge barabara katika mfuko wa plastiki, uiweke katika friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2, kisha uiache siku nzima ipoe ukali wa baridi kabla ya kufungua mfuko.

Mabaharia walio wengi hawakuandika majina yao juu ya kazi zao, wala mara nyingi jina la chombo halimo. Hivyo uipatapo picha, muulize muuzaji ilitoka nyumba gani na kwa nani, uandike majibu kwa penseli pamoja na tarehe na bei, na karatasi hiyo uiweke katika bahasha ikae pamoja na picha. Usiigundishe nyuma kwa gundi.