Kusoma Tairi Kabla ya Kununua

Mvua ndefu zikaribiapo, wakulima wengi wa skimu huona kwamba matairi ya pikapu zao yamekuwa kipara. Huenda mjini, wakauliza bei, wakachukua yaliyo rahisi maadamu yanaingia kwenye rimu. Kuingia kwenye rimu si kipimo. Tairi la gari la abiria laweza kuingia kwenye rimu ya pikapu bila taabu yo yote, kisha likapasuka siku ya kwanza utakapopakia viazi. Basi, mkulima, mwezi huu tujifunze kusoma tairi.

Toka nje utazame ubavu wa tairi lako. Kwenye pikapu nyingi ndogo utaona maandishi kama haya: 195 R 14 C, na karibu yake 106/104. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Herufi R yaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili. Tairi hilo lisifungwe kwenye ekseli moja pamoja na lile la nyuzi zilizokingamana. Namba 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi C ni alama ya gari la mizigo, nayo usiidharau.

Hizo 106/104 si kilo, ingawa wengi hudhani hivyo. Ni namba za jedwali la watengenezaji. 106 maana yake tairi likiwa peke yake upande mmoja laweza kubeba kilo 950. 104 ni kilo 900, kwa gari lenye matairi mawili mawili nyuma. Tairi la gari dogo lenye namba 88 hubeba kilo 560 tu.

Sasa chukua kalamu. Tuseme pikapu yako ikiwa tupu hulalia matairi ya nyuma kwa kilo 600. Umepakia magunia 20 ya viazi, kila moja kilo 50 kama sheria inavyotaka. Huo ni mzigo wa kilo 1,000, na tuseme kilo 900 kati yake zinakaa nyuma. Jumla ni kilo 1,500, yaani kilo 750 kwa kila tairi. Tairi la 88 limezidiwa kwa kilo 190. Tairi la 106 bado lina akiba ya kilo 200. Hesabu hii ni ya darasa la nne, lakini ndiyo inayotenganisha viazi vilivyofika sokoni na viazi vilivyomwagika mtaroni. Na kama vijana wamepanda juu ya magunia, jambo lisilofaa kabisa, hao ndio watakaorushwa kwanza.

Lakini usidhani kwamba tairi lenye nguvu ni ruhusa ya kuongeza magunia. Springi na breki ni zile zile.

Jambo la pili ni umri. Tafuta herufi DOT. Mwisho wake mna tarakimu nne. 1024 ni juma la 10 la mwaka 2024. Kiwanda cha matairi cha Nairobi kiliacha kuyatengeneza mwaka 2016, na mengi tunayouziwa yamesafiri mbali na kukaa ghalani. Mpira hukauka na kupasuka nyufa hata kama haujakanyaga barabara. Ukiona nyufa ubavuni, liache, hata ukipunguziwa bei.

Kuhusu meno, tairi la meno makubwa sana ya matope huvuma na kulika upesi kwenye lami. Kwa mtu anayetoka shambani kwa njia ya udongo kisha akafuata lami mpaka mjini, meno ya kadiri yatosha.

Kabla ya kuyatupa yale ya zamani, yachunguze. Yakilika kingo zote mbili, ulikuwa ukiendesha kwa upepo mdogo. Yakilika katikati, upepo ulizidi. Yakilika upande mmoja tu, magurudumu hayakunyooka, na usiporekebisha, mapya nayo yatakwenda njia hiyo hiyo.

Ukiwa na fedha za mawili tu, yafunge nyuma, ingawa mafundi wengine watakuambia mbele. Nyuma ikiteleza kwenye matope au lami yenye maji, gari huzunguka lenyewe na usukani hausaidii.

Dukani, soma ubavu wa kila tairi, si la kwanza peke yake, maana la nne laweza kuwa la mwaka mwingine. Kipimo cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, na spea pia.