Panya wamemaliza mchicha wangu

*Shangazi, shikamoo. Nimepanga chumba Jeppestown, Johannesburg, na uani tuna kipande kidogo cha ardhi. Mwezi wa Aprili nilipanda mchicha na matembele, kama tufanyavyo Tanga masika yakianza. Baridi ikaua nusu, ndege na panya wakala iliyobaki. Jirani ananishauri ninunue pakiti za sumu zinazouzwa barabarani. Ninunue? – Mama wa wawili*

Marahaba, mwanangu. Usinunue, nakuomba. Oktoba 2024 watoto sita walikufa Naledi, kule Soweto, na vipimo vikaonyesha walikula terbufosi, dawa ya mashambani inayouzwa kinyemela kuulia panya. Moyo wangu haujatulia tangu siku ile. Wanao wanacheza uani hapo hapo, na mchicha huo huo ndio unaoingia sufuriani.

Panya mnyime chakula na mzibie njia. Nunua wavu wa waya wenye matundu ya nusu inchi, maana ule wa kawaida wa banda la kuku panya mdogo anapenya. Funika mboga juu na ubavuni, na ukunje ncha zake chini asipate pa kuchimbua. Maganda unayoozesha kuwa mbolea yakae kwenye ndoo yenye mfuniko. Ugali na mifupa usitie kabisa. Kaa na wapangaji wenzako mzungumze habari ya taka pia, kwa sababu pipa lililo wazi la chumba cha pili linalisha panya wa nyumba nzima.

Ndege wako, kama wana mkia mrefu na kishungi na wanakuja kwa kundi na kunyofoa majani, bila shaka ni kuzumburu. Hao watandazie chandarua cha zamani kisichotiwa dawa, juu ya vijiti vilivyopindwa. Kitapunguza pia makali ya mvua ya mawe, ambayo huko hushuka na radi za alasiri wakati wa joto.

Sasa udongo. Jeppestown ni mtaa mkongwe, wa tangu miaka ya mwanzo ya mji wenyewe. Rangi za kuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na petroli yenye risasi iliendelea kuuzwa Afrika Kusini hadi 2006. Sumu hiyo hubaki ardhini, na huwadhuru watoto zaidi. Kwa hiyo panda kwenye ndoo za lita 20 zilizowekewa chakula, si za rangi, uzitoboe chini na kuzijaza udongo safi wa kununua pamoja na mbolea yako. Mboga zioshe vizuri, hata hivyo.

Kosa lako kubwa lilikuwa Aprili. Tanga iko usawa wa bahari. Wewe uko zaidi ya mita 1,700 juu, na Aprili yenu ndiyo mlango wa kipupwe. Mchicha usubiri katikati ya Oktoba, matembele Novemba. Kabla ya jalidi ya Juni, kata marando machache uyaweke kwenye chupa ya maji dirishani, yakungojee. Sukuma wiki na spinachi ndizo za baridi. Sia mbegu zake Februari au Machi. Sukuma iliyopigwa na jalidi huwa tamu zaidi.

Anza na ndoo tatu. Mbili za mchicha, ya tatu wape watoto wapande figili, wataing'oa kabla mwezi na nusu haujaisha.