Kiasi cha Besi Kinachotangua Asidi

Katika mazoezi ya kufundisha tulimsikia mwanachuo mmoja akiwaeleza watoto wa darasa la saba kwamba asidi hutanguliwa, yaani humalizwa ukali wake, na besi yenye ujazo sawa nayo. Kikundi kimoja kilikuwa kimehesabu matone 18 ya maji ya chokaa kwa tone moja la maji ya limau kabla wekundu wa choya haujatoweka. Mwalimu akawaambia wamekosea. Watoto wakafuta 18, wakaandika 1.

Watoto hawakukosea. Lita moja ya maji haiyeyushi hata gramu 2 za chokaa, ilhali limau lina asidi sitriki nyingi, na kila molekuli yake hutoa haidrojeni tatu. Kinacholingana si ujazo, bali idadi ya haidrojeni za asidi na haidroksidi za besi. Tutazame mlinganyo huu:

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Tuseme tunazo sm³ 20 za asidi sulfuriki yenye moli 0.1 kwa lita. Tukizidisha 0.1 kwa 20 na kugawanya kwa 1000, twapata moli 0.002. Mlinganyo unadai moli mbili za NaOH kwa kila moli moja ya asidi; basi zahitajika 0.004. Ikiwa besi nayo ina moli 0.1 kwa lita, tunagawanya 0.004 kwa 0.1, twapata lita 0.04, yaani sm³ 40. Ukolevu ni ule ule, lakini ujazo ni maradufu. Ile 2 iliyo mbele ya NaOH husahauliwa mno. Hata sisi tumepata kuisahau ubaoni.

Hesabu hiyo ni ya mwalimu. Watoto yawatosha kupima tone 1 la limau, kisha 2, kisha 3, wakiona matone ya chokaa yakiongezeka kwa uwiano: aliyepata 18 atarajie karibu 36. Rangi ya choya iwe kidogo, kwani choya chenyewe kina ukali. Chokaa iwe mpya, maana iliyokaa wazi huungana na hewa ya kaboni dioksidi ikadhoofika. Mwalimu mwenyewe aikoroge na kuichuja, isije ikaingia machoni mwa watoto. Hesabu za vikundi zikitofautiana, jaribio lirudiwe mbele ya darasa zima kabla ya daftari lolote kufutwa.